Mbegu za marehemu baba bado ziko juu ya jiko. Tuzipande zote?

Shikamoo Bibi Shamba,

Baba yetu alifariki Machi 2024. Alikuwa mkulima maisha yake yote hapa Kongwa, kwanza kwa jembe la mkono, baadaye kwa plau ya ng'ombe. Mwaka ule alikuwa mgonjwa, hakuvuna kitu cha maana, kwa hiyo mbegu alizoacha ni za mavuno ya 2023. Nimezihesabu nikiwa nimesimama chini: mahindi 34 yenye maganda, yamefungwa mawili mawili na kutundikwa kichanjani juu ya mafiga katika jiko la nje, masuke 20 ya mtama ule mrefu, na kibuyu cha kunde nyekundu, kama lita mbili hivi. Tangu msiba mama anakaa kwa kaka na wanapikia gesi. Jiko la nje halijawashwa moto tena.

Sasa tumegawanyika. Kaka mkubwa anataka Desemba hii tuzipande zote, ekari nzima, ili ibada ya kumbukumbu mwezi Machi ifanyike mazao yakiwa yamesimama. Mdogo wetu anataka zitundikwe sebuleni kando ya picha ya baba. Shemeji anasema zisagwe, chakula si cha kuangalia. Mama akiulizwa anajibu neno moja tu: "Ziacheni."

Mimi nafanya kazi Dodoma mjini na sijawahi kupanda hata mchicha. Ninachokumbuka ni baba akiwagawia watu zile kunde, kopo moja kwa kila aliyeomba. Ningependa zisiishie mikononi mwetu. Tufanyeje?

Binti wa tatu, Kongwa

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na mama mfikishie pole.

Kaka yako mwambie msizipande zote, wala nusu yake. Dodoma mna msimu mmoja wa mvua, mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katikati hapo mvua hupenda kukatika wiki mbili tatu. Ikikatika wakati mahindi yanatoa mbelewele, yale maua ya kileleni, ekari nzima itakauka pamoja na mbegu yenu ya mwisho. Tengeni kiasi kidogo cha kupanda, nitakupa hesabu yake. Kinachobaki kigawanywe mara mbili: fungu moja likae nyumbani kwa mama, jingine ukae nalo wewe mjini. Panya akiingia huku au moto ukiwaka kule, lipo la pili.

Ila lililo la haraka zaidi halingoji Desemba. Mbegu zinatundikwa juu ya jiko kwa sababu moshi huwafukuza wadudu kama fukusi na dumuzi, na joto huzikausha. Moto ulipozimwa, ulinzi wote ukaondoka. Kichanja kilichopoa miezi zaidi ya 12 ni ghala la kawaida tu, tena lisilo na dawa. Fungueni ganda la hindi moja hadi kwenye kitako. Mkikuta vumbi jeupe na matundu ya mviringo, dumuzi yumo. Kunde nazo zimwageni kwenye ungo: madoa meupe yaliyogandamana kwenye punje ni mayai ya wadudu, na tundu ni mahali mdudu mzima alipotokea.

Lakini usipande kichanjani bila mama. Katika nyumba nyingi anayeitwa mkulima ni baba, huku anayemenya, anayechambua na kuamua hindi gani litundikwe na lipi lisagwe ni mama. Inawezekana kabisa kwamba hizo mnazoziita mbegu za baba zilichaguliwa na mkono wake, na hakuna aliyemuuliza. Mpelekee kigoda, washeni hata moto mdogo, mzishushe yeye akiwa amekaa hapo, na uwe na daftari. Usimuulize "baba alikuwa analimaje", atakujibu "vizuri tu". Muulize vitu vinavyojibika: mahindi haya yalitoka kwa nani? Yalipandwa shamba la kichanga au lile la mfinyanzi? Baada ya mvua ya ngapi? Yalikuwa ya kuchoma baada ya miezi mingapi? Hindi la namna gani hamkulitundika hata kama ni kubwa? Mliwahi kuyapaka dawa, ya unga au ya maji? Swali hilo la mwisho lina uzito wake, nitalirudia kwa shemeji yako.

Muulize pia kama mahindi hayo yaliwahi kununuliwa dukani. Majibu yanaweza kuwa matatu. Yakiwa ya kurithi kwa wazee, hayo hayapatikani kwingine. Yakiwa yalianza kama Katumani, ile mbegu iliyotoka Machakos, Kenya, miaka ya 1960 na kusambaa sehemu kavu, bado ni mbegu inayorudiwa kupandwa, na miaka mingi ya kuchaguliwa shambani kwenu imeifanya kuwa yenu. Lakini yakiwa chotara ya dukani ambayo baba alihifadhi punje zake, yakipandwa yanachambuka: moja refu, moja fupi, moja halibebi. Hayo msijitese nayo, nguvu ziende kwenye kunde na mtama. Kwa mtama, neno "mrefu" ulilotumia linanipa matumaini, maana Macia inayouzwa madukani ni fupi. Mkitaka kuutambua, pelekeni suke moja TARI Hombolo, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, hapo hapo Dodoma, wanashughulika na mtama.

Sasa jaribio la uotaji. Lipe kila hindi namba, 1 hadi 34, kwa kipande cha karatasi na uzi, ukiandika pia lilining'inia wapi. Mahindi yaliyokaa karibu kabisa na moto huwa yamekufa kwa joto ingawa kwa macho ni mazuri kuliko yote, makavu na yanang'aa masizi. Toa punje 5 katikati ya kila hindi, jumla 170. Chukua kanga kuukuu ya pamba, ilowanishe, ikamue hadi isidondoshe maji, panga punje kwa safu kila safu na namba yake, viringisha, funga kwa uzi, weka ndani ya ndoo yenye kifuniko kilichoachwa wazi kidogo. Ikae kivulini ndani ya nyumba. Rashia maji kila siku kanga isikauke. Ikilowa chapachapa punje zitaoza na utadhani mbegu ni mbovu. Hesabu siku ya 4 na ya 7. Kunde, chukua punje 50, hesabu siku ya 5 na ya 8. Mtama, punje 5 kutoka kila suke, siku ya 4 na ya 10.

Kinachohesabiwa ni chenye mzizi na chipukizi. Mzizi peke yake wenye ncha ya kahawia usiuhesabu, hautatoka ardhini. Jaribio hili lifanye wiki ya kwanza ya Novemba ili zilizoota usizitupe: zihamishie kwenye viriba vyenye udongo na samadi iliyooza, zitakuwa miche ya kuzibia mapengo. Hindi lililotoa 0 kati ya 5, lijaribu tena kwa punje 10 kabla ya kulihukumu. Lililotoa 1 au 2 usiliache nje. Ongeza punje zake. Watu hukosea hapa. Huchagua mahindi matano yaliyoota vizuri wakapanda hayo tu, na baada ya misimu mitatu mahindi yanadumaa, kwa sababu hindi linalooana na ndugu zake wa karibu hudhoofika. Hindi si kama kunde. Linahitaji wengi, na 34 tayari ni wachache.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Kiwanja cha mita 10 kwa 10, nafasi ya sentimita 75 kwa 30, kina mashimo kama 440. Chukua punje 30 kutoka kila hindi, zitakuwa 1,020. Panda 2 kila shimo, zinazobaki ziingie viriba. Uotaji ukiwa asilimia 60, mashimo kama 84 katika kila 100 yatatoa angalau mche mmoja, na hiyo inatosha. Ukishuka chini ya asilimia 30, usipeleke punje shambani moja kwa moja, zote zianzie viriba na zihamishwe zikiwa na majani mawili au matatu, kabla mizizi haijajikunja.

Mbegu iliyozeeka haina nguvu za kusukuma. Ifukie sentimita 3 hadi 4 tu. Msizipande kavu kabla ya mvua, na kiwanja hiki msikiberege, yaani kupanda bila kulima; limeni na mlainishe udongo. Subirini hadi ukichimba kwa jembe ukute unyevu umefika sentimita 20. Na usiloweke kunde usiku kucha ukidhani unazisaidia: punje kavu ya zamani ikinywa maji kwa haraka hupasuka ndani.

Mkiisha kupanda, adui wa kwanza ni viwavijeshi vamizi, waliopo nchini tangu 2017. Kiwanja kidogo hakihitaji bomba la dawa. Mtu apite mara mbili kwa wiki, aponde mayai yaliyo kwenye majani na atie fumba dogo la mchanga uliochanganywa na majivu katikati ya mche ulioliwa.

Adui wa pili haonekani, naye ni jirani. Chavua ya mahindi inachukuliwa na upepo. Ili mahindi yenu yasichanganyike yanahitaji kuwa mbali na mengine angalau mita 200, au yachanue yakipishana na ya jirani kwa siku 30. Kuchelewesha siku 30 Kongwa ni kuyatafutia kiangazi. Kupanda wakati wa kiangazi kwa kumwagilia kunawezekana, lakini kiwanja hicho kikikua kitataka lita 500 kwa siku, yaani ndoo 25 za lita 20. Na mchanganyiko hutaugundua kwa macho, kwa sababu jirani naye kapanda meupe.

Kama shamba lenu limezungukwa, chavusheni kwa mkono. Hapa ndipo kaka yako aelekeze ile hamu yake ya ekari nzima, maana itamla asubuhi kama kumi. Nunueni mifuko ya kaki, ile midogo ya kufungia maandazi. Ya plastiki itaipika chavua. Hindi changa likijitokeza ubavuni, kabla ndevu hazijaonekana, lifunikeni. Ndevu zikishatoka ndani ya mfuko, jioni funikeni mbelewele za mimea 10 au zaidi kwa mifuko mikubwa, mbane kwa pini. Kesho yake kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, umande ukiwa umekauka, inamisheni kila mbelewele na kuitikisa ndani ya mfuko wake. Changanyeni chavua yote pamoja, pepeteni vichavua vitupu, mnyunyize kwenye ndevu za mimea mingine, kisha mfunike tena papo hapo na kuandika tarehe kwenye mfuko. Chavua ya jana ni vumbi tu, haina kazi. Mfuko ubaki hadi ndevu zinyauke. Lengeni mahindi 100. Mkipata 60 si vibaya.

Hiyo ndiyo kazi kubwa. Kunde hujichavusha zenyewe ndani ya ua kabla halijafunguka, hivyo mita 5 kutoka kunde nyingine zinatosha. Punje 200 kwa nafasi ile ile ya 75 kwa 30 zinachukua chini ya nusu ya kiwanja cha mahindi, na msimu wa kawaida zinarudisha kibuyu kizima. Chumeni maganda yakikauka, kila siku mbili, msingoje shamba zima, kwa sababu wadudu hutaga mayai huko huko shambani. Mtama unaoana kwa kiasi na wa jirani, kwa hiyo funikeni masuke 20 au 30 kwa mfuko wa kaki kabla ya kuchanua. Mfuko huo huo utawazuia kwelea kwelea. Suke lenye punje zilizogeuka unga mweusi lina fugwe, likateni na kulichoma. Na kama shamba lina kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, masuke ya mbegu yakatwe na kuwekwa moja kwa moja kwenye ndoo, yasipurwe chini. Mbegu za kiduha ni kama vumbi, zinashikamana na mtama, na zikifika shamba la mtu zinaweza kumsumbua zaidi ya miaka 10. Usimgawie mtu kiduha kwa jina la baba.

Ibada ya Machi inaweza kufanyika pembeni ya kiwanja hicho hicho. Mahindi yatakuwa mabichi bado, sasa tafuteni mtu wa kusimama hapo, maana wageni wakiona mahindi mabichi watataka kuchoma.

Mahindi ya mbegu huchaguliwa yakiwa bado shambani: mmea uliosimama bila kuanguka, ganda lililofunika ncha yote ya hindi. Pembeni mwa kiwanja msichukue. Kaushieni kwenye turubai, si juu ya bati wala sakafu ya saruji mchana, huko joto linaua kiini. Kisha pimeni kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, punje hadi nusu, kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika 3, acha dakika 15. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiposhika usifurahi mapema, mnatafuta chini ya 13, kwa hiyo anikeni siku mbili au tatu zaidi, na punje ikitafunwa ikatike kwa mlio. Ukifungia mbegu mbichi kwenye chombo kisichopitisha hewa umeizika.

Ikikauka vizuri, fungu la mama liingie madumu ya lita 5 yaliyojazwa hadi shingoni na kubanwa. Wadudu waliobaki watamaliza hewa na kufa. Fungu lako la mjini, lililo kavu vile vile, liweke kwenye chupa ya kioo ndani ya friza siku 10, linaua hadi mayai. Ukilitoa usifungue hadi kesho yake, la sivyo mvuke utagandia mbegu baridi na kuzilowesha. Baada ya hapo rafu ya chini ya jokofu inatosha. Njia hii itumie hata kwa kunde mlizo nazo leo.

Nenda pia kwa waliopewa lile kopo. Mbegu iliyogawiwa huwa imeendelea kupandwa, na huenda nyumba mbili tatu kijijini zina kunde za baba yenu za msimu uliopita, changa kuliko za kibuyu. Mkiomba kopo moja moja mtakuwa mmeokoa kazi ya miaka miwili, na mkipata mahindi kwa njia hiyo mtaongeza idadi ile ya 34. Zikishazidi, peleka kiasi benki ya taifa ya nasaba za mimea, Arusha, iliyo chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pamoja na yale uliyoandika kwenye daftari. Msizifunge kwenye pakiti zenye jina la baba mkaziuza kama mbegu. Biashara hiyo inasimamiwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, na ina taratibu zake.

Shemeji yako asisage kitu. Mahindi ya zamani yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na haiondoki kwa kupikwa. Kama yalipakwa dawa, ndiyo kabisa.

Na mdogo wenu atapata alichotaka. Yale mahindi yatakayotoa 0 mara zote mbili yafutwe masizi na kufungwa tena mawili mawili kama yalivyokuwa. Sebuleni au kichanjani, mama ndiye aseme yatundikwe wapi.